Mashine Iliyosema Hakuna Mtu

Katika mtaa wetu hakuna anayenizidi kusimulia. Mtaa wenyewe una nyumba tano, mbili zina kufuli, na jirani yangu wa ukutani ni kiziwi, lakini sifa ni sifa. Basi nitegeeni masikio, mlio nayo, niwape habari za nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naiogopa. Naiogopa kidogo. Zaidi ni kwamba nikiitaja, watu wa nchi tatu nne watagombana, kila mmoja akidai ni kwao.

Nchi hiyo iliwapenda wazee wake, jamani. Iliwapenda redioni asubuhi kabla ya bei za mazao, ikawapenda kwenye mabango ya barabarani, na kila mwaka ilitenga siku moja ya kuwapenda rasmi, watoto wa shule wakiimbishwa juani mpaka wengine wakazirai. Mwishowe Bunge likapitisha Sheria ya Shukrani. Kila aliyetimiza miaka sabini alipwe kila mwezi fedha ya shukrani ya taifa, kiasi cha kumtosha unga, mafuta ya taa na dawa, mradi asile sana na asiugue ovyo. Wabunge walipiga meza kwa furaha mpaka meza moja ikavunjika. Meza ilitengenezwa siku ileile. Shukrani ilianza baada ya miaka mitatu.

Miaka mitatu hiyo serikali haikukaa bure. Ilijenga Jengo la Shukrani, ghorofa sita, maana huwezi kumshukuru mtu ukiwa umekaa chini. Zege la jengo lile lilitiwa kokoto, na mafungu mengi ya kokoto hizo yalivunjwa kwa mkono na Bi Sikudhani binti Mbwana, wa machimbo ya Jabalini.

Miaka arobaini Bi Sikudhani alikaa juu ya gunia pale machimboni. Jiwe analizungushia kipande cha mpira wa tairi lisikimbie, vidole vya kushoto vinalishika, nyundo iko mkono wa kulia, ko, ko, ko, mpaka debe lijae. Debe likijaa anakuja mtu na lori, anatoa nusu ya bei na kulalamika kwa bei nzima. Kwa madebe hayo alilea watoto watatu na kumuuguza mume mpaka mume akachoka kuugua. Vidole vya wenzake vikipondwa na nyundo, yeye ndiye aliyevifunga, maana alikuwa na mkono mwepesi, na hospitali ilikuwa mbali na ghali.

Sasa sikieni. Mwaka mmoja kabla hajafika sabini, kipande cha jiwe kidogo kama punje ya mtama kiliruka kikamwingia jicho la kushoto, kikalizima. Daktari akamwangalia akamwambia, "Bibi, limebaki moja. Ukiendelea na nyundo, na hilo litakwenda. Mimi sina dawa nyingine zaidi ya hiyo: acha nyundo."

"Na nikiiacha nitakula nini, daktari?"

"Si kuna Shukrani inakuja?"

Kweli, ilikuwa inakuja. Bi Sikudhani akajifunga kitambaa usoni, akabakisha upenyo wa kuchungulia, akaendelea kugonga huku akihesabu miezi kama mtoto anayehesabu siku za Idi. Kila debe alilijaza kwa jicho moja na roho mkononi.

*

Siku aliyotimiza sabini alikoga, akajifunga khanga mpya ya kuazima, akaenda Jengo la Shukrani. Akakaa benchini karibu na Mzee Shomvi, mchoma chokaa wa zamani, aliyekuwa amefika alfajiri na kukuta watu wamefika jana.

Hapo dirishani paliwekwa mashine. Serikali iliinunua kwa fedha nyingi ili kuzuia wizi. Wizi wa nchi ile ulifanyika ghorofa ya sita, kwa hiyo mashine ikafungwa ghorofa ya chini, kwenye dirisha la wazee. Kazi yake ilikuwa moja: mzee anaweka kidole, mashine inatazama mistari, inailinganisha na ile ya kitambulisho alichochukua zamani, kisha inasema ni nani kwa sauti ya mwanamke, tamu, kama ya binti anayekaribisha wageni harusini.

Nyuma ya mashine alikaa Bwana Tambwe, Afisa Mwandamizi wa Utambuzi wa Wazee, Kanda ya Chini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kukata mkate.

"Shikamoo, bibi. Weka kidole."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka.

Mashine ikasema, "Samahani. Hakuna mtu."

"Kingine," akasema Bwana Tambwe.

Akaweka kingine. Hakuna mtu. Akaweka vyote kumi, kimoja kimoja, na mara kumi sauti ile tamu ikaomba samahani na kusema hakuna mtu.

"Umesikia mwenyewe, bibi."

"Nimesikia. Na wewe hapo unaongea na nani, mwanangu?"

"Naongea na wewe."

"Basi nipo."

"Upo, bibi, kwa upande wa mazungumzo. Kwa upande wa malipo hupo."

Mzee Shomvi, ambaye vidole vyake vililiwa na chokaa na ambaye mashine ilikuwa imemkana tangu asubuhi, akadakia kutoka benchini, "Muulize kama kuna upande wa tatu, Bi Sikudhani. Pengine huko kuna nafasi."

Bi Sikudhani aliigeuza mikono yake akaitazama kwa lile jicho lililobaki. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kitako cha kikombe. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Akanyoosha mkono akagonga ukuta.

"Mistari yangu iko humu," akasema. "Bomoeni mtaiona."

Bwana Tambwe akapekua kitabu cha kanuni, ukurasa hadi ukurasa, maana alikuwa mtu mwangalifu. "Ukuta si kiambatisho kinachokubalika," akasema. Kisha akatoa karatasi yenye mihuri miwili. "Lakini usihuzunike, serikali imekufikiria. Waraka Namba Tisa. Mzee ambaye vidole vyake vimechakaa kwa uzembe wake mwenyewe, avipumzishe miezi mitatu bila kazi yoyote, mistari iote, kisha arudi."

"Miezi mitatu hiyo nitakula nini?"

"Shukrani, bibi."

"Shukrani ipi?"

"Utakayolipwa ukishapumzika."

Bi Sikudhani akawa kama mtu anayetafuta ncha ya uzi. "Mwanangu, umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu, bibi."

"Pole."

*

Alijaribu. Msimwone mkaidi. Alipumzika siku kumi na tisa, akipaka vidole mafuta ya nazi, akiishi kwa sahani za majirani. Siku ya ishirini jirani mmoja alimletea sahani pamoja na hotuba, na Bi Sikudhani hakuwa na njaa ya hotuba. Akarudi kwenye gunia lake. Vidole vilikuwa vimeanza kutoa mistari miwili mitatu myembamba. Kufikia Ijumaa jiwe lilikuwa limeifuta.

Hapo ndipo Bi Msimu alipoingilia. Bi Msimu alikuwa mpambaji wa maharusi, mkono wake ukichora ua la hina mguuni mwa bibi harusi unataka kulinusa. Akasema, "Shoga, wanataka mistari? Mistari ndiyo kazi yangu."

Akachonga kijiti chembamba kama sindano, akakoroga piko, akamchora shoga yake vidole vyote kumi, duara ndani ya duara, na kwa kuwa mazoea hayamwachi mtu, kwenye dole gumba akamtilia na jani dogo la mkorosho.

"Jani la nini?" Bi Sikudhani akauliza.

"Nilikuwa naona patupu."

Wakaenda. Ukumbi mzima ukasimama kutazama. Bi Sikudhani akaweka kidole. Mashine ikanyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake, kama mtu aliyeulizwa swali la aibu. Kisha ikasema, "Yupo mtu. Hajulikani."

Wazee wakapiga makofi. Mwezi mzima mtu hakuwepo, leo yupo; hayo ni maendeleo. Mzee Shomvi akainua bakora yake juu. "Nichore na mimi, Bi Msimu, mimi usinitilie jani."

Lakini askari walikuwa wamekwisha fika, maana mashine ikisema hajulikani hupiga kengele ghorofa ya pili. Bi Sikudhani akaingizwa chumba chenye meza na kiti kimoja, na kiti alikalia askari.

"Unashtakiwa," Bwana Tambwe alisoma, "kwa kosa la kujifanya Sikudhani binti Mbwana kwa nia ya kuchukua malipo ya Sikudhani binti Mbwana."

"Na mimi ni nani?"

"Hilo ndilo tunalochunguza."

"Basi mwiteni huyo Sikudhani mwenyewe aje anitambue."

"Akijitokeza tutachukua malalamiko yake."

"Ninayo malalamiko mengi, mwanangu. Kaa uandike."

"Siwezi kuyapokea kutoka kwako. Wewe si yeye."

Wakabaki hapo mpaka alasiri. Walitaka kumweka ndani, kalamu ikatolewa, kitabu cha mahabusu kikafunguliwa, na kitabu hicho nacho kilitaka mtu athibitishwe kwa kidole kabla ya kufungiwa. Wakamwosha piko kwa sabuni na mchanga, wakampeleka kwenye mashine. Hakuna mtu. Askari akakuna kichwa, akamfungulia mlango. Nchi ile ilifuata sheria; haikumfunga mtu asiyekuwepo.

*

Habari zilipopanda mpaka ghorofa ya sita kwamba kuna wazee thelathini na saba mashine inawakana, wavunja kokoto, wachoma chokaa, wasuka kamba, wafua nguo za watu, serikali ilishtuka sana. Iliunda Kamati ya Taifa ya Wasiosomeka. Kamati ikaenda hoteli yenye bwawa la kuogelea, semina ya siku saba, mada: Kidole cha Mzee, Changamoto na Fursa.

Wajumbe walikuwa ishirini na wawili, na mzee hakuwemo hata mmoja, kwa kuwa vidole vyao visingesomeka kwenye orodha ya mahudhurio. Posho za wajumbe zilitoka kwenye fungu la Shukrani ya wale thelathini na saba. Mwenyekiti alieleza kwamba fedha hizo zilikuwa zimekaa tu. Zililipwa mkononi, siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne. Mashine haikuhitajika, mwenyekiti aliwajua wajumbe wake kwa sura.

Siku ya tatu mtaalamu mmoja alionyesha picha ya kidole kwenye ukuta, kikubwa kama mtumbwi, akasema utafiti wake umegundua kwamba watu waliofanya kazi kwa mikono huchakaa mikono. Ukumbi ulisimama kumpongeza. Siku ya saba wakatoa azimio: kuanzia mwezi ule, mzee asiyesomeka asisumbuliwe kufika ofisini. Afisa mwenyewe ampelekee fedha nyumbani kwake, amkabidhi, na mzee atie dole kwa wino kwenye Kitabu Maalumu.

Azimio zuri. Bi Sikudhani aliposomewa alilia kwa lile jicho moja, na jingine nalo likatoa chozi, maana macho yaliyokufa bado yanalia. Akafagia uwanja wake. Akaazima kiti cha mgeni. Akakaa.

Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Akaenda kuuliza.

"Iko njiani, bibi," akasema Bwana Tambwe.

"Njia ipi, nikaisubirie kwenye kona?"

"Bibi una maneno. Nenda kapumzike."

Mwezi wa pili ilikuwa njiani. Mzee Shomvi hakuamini mambo ya njiani. Aliendelea kuja kukaa benchini kila siku na bakora yake, akisema kama fedha iko njiani basi itapita hapa kwanza, na ikipita ataishika mguu. Siku moja ya Rajabu, saa sita mchana, alikiinamisha kichwa kama mtu anayesinzia. Foleni ikasogea, yeye hakusogea. Walikuja kumgundua wakati wa kufunga ofisi, mfagizi alipomwambia inua miguu, mzee wangu, naye hakuinua. Bwana Tambwe aliandika kwenye daftari la siku: mzee mmoja ameondoka bila kuaga.

Bi Sikudhani alikuwa kwenye mazishi. Alirudi, akakichukua kile kiti cha mgeni akakirudisha kwa mwenyewe, akachukua nyundo.

Wiki ya pili ya Ramadhani, akiwa amefunga, jiwe likapasuka vibaya. Kipande kilimpiga juu ya jicho la kulia, kwenye nyusi, upana wa unyasi tu kutoka kwenye jicho lenyewe. Damu ikajaa. Siku mbili hakuona kitu. Aliswali kwa kukisia kibla na kufuturu kwa kupapasa. Siku ya tatu mwanga ulirudi, lakini ukingoni mwake pamebaki ukungu, kama kioo kilichopumuliwa.

Mpaka siku hiyo, niwaambie kweli, Bi Sikudhani alikuwa amechoka tu. Kuchoka alikujua, alichoka miaka arobaini. Sasa alikaa kitandani akiushika uso wake, na mahali pa uchovu pakaingia hasira. Alifikiria meza iliyotengenezwa siku ileile. Alifikiria chai ya saa nne. Alimfikiria Mzee Shomvi ameinama na watu wakimruka miguu ili wasipoteze nafasi kwenye foleni, na yeye mwenyewe, aliyekuwa amekwenda kuuliza siku ile, akiwa mmoja wa walioruka.

"Shoga, unasemaje?" Bi Msimu akamuuliza, maana alimwona midomo inacheza.

"Sijasema. Nalihesabu neno moja moja kwanza, lisije likapotea."

*

Mfungo mosi, baada ya Idi, kukatangazwa kwamba Waziri wa Wazee na Mambo Mengine anakuja na televisheni. Wazee wakakusanywa uwanjani mbele ya Jengo la Shukrani, wakagawiwa khanga na vikoi vilivyochapwa maneno ya kuishukuru serikali kwa kuwashukuru. Waziri alikuwa mama wa makamo, akija chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu anayetembea juani.

Bwana Tambwe alimlaki. Waziri akatoa mkono, na Bwana Tambwe akampa wa kushoto. Minong'ono ikapita uwanjani. Hata mtoto mdogo huchapwa kofi la mkono akifanya hivyo kwa mkubwa. Haraka akainua mkono wa kulia kuuonyesha: dole gumba limefungwa bendeji nene, nyeupe, kubwa kama limau.

"Uniwie radhi, Mheshimiwa. Niliumia kazini."

Kisha akapanda jukwaani.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, "tulipowapokea, wazee hawa thelathini na saba walikuwa hawasomeki. Je, tuliwatupa? Hatukuwatupa. Mimi mwenyewe, kwa miguu, kwenye tope na kwenye vumbi, nimewafuata majumbani mwao miezi sita mfululizo. Nimewakabidhi Shukrani yao mkononi. Wengine walilia. Wengine walinibusu kichwani. Kila mmoja alitia dole lake kwenye Kitabu Maalumu, na kitabu hiki hapa."

Makofi. Waziri akakipokea kitabu, akakiinua kuelekea kamera, akasema nchi nyingi zitakuja kujifunza hapa. Kisha akasema, "Aletwe mmojawapo nipige naye picha."

Bwana Tambwe akamwahi. "Ni dhaifu, Mheshimiwa. Wako majumbani."

"Mmoja huyu hapa," ikasema sauti kutoka safu ya tatu, na Bi Sikudhani akainuka, nyusi imefungwa kitambaa, akajongea polepole akishikwa mkono na Bi Msimu.

Waziri alifurahi, kitambaa kile kingetoka vizuri kwenye picha. "Karibu, mama yangu. Jina lako?"

"Sikudhani binti Mbwana."

Waziri akapekua. "Sikudhani... Huyu hapa. Miezi sita, madole sita. Hongera sana. Hebu waambie wananchi, hii Shukrani imekusaidiaje?"

"Nionyeshe kwanza hayo madole, mwanangu, nipate kukumbuka."

Akakiinamia kitabu mpaka pua ikakaribia karatasi, kwa sababu ya ule ukungu. Akakitazama sana.

"Zuri hili," akasema. "Lina mistari kama shamba lililolimwa na ng'ombe. Ningekuwa na dole kama hili ningeshalipwa siku ya kwanza."

Pale mezani palikuwa na kibati cha wino. Bi Sikudhani akatumbukiza dole gumba lake.

"Bibi, huo hautoki wiki mbili," karani akamwonya. "Ni ule wa uchaguzi."

"Nina haraka ya kwenda wapi?" Akaligandamiza dole karatasini, ubavuni mwa yale sita. Lilitoka doa la zambarau, tupu, kama tunda lililokanyagwa. Hakuna mstari.

Waziri akatazama doa, akatazama madole sita, akatazama kamera. Akafungua ukurasa mwingine kwa haraka, labda kutafuta kitu cha kufurahisha. "Mzee... Shomvi Kitwana. Ametia dole mwezi uliopita."

"Tulimzika Rajabu," akasema mtu nyuma.

"Mimi niliteremka kaburini," akasema mwingine.

Bwana Tambwe akakohoa. "Mheshimiwa, jambo hili ni la kitaalamu. Kuna utafiti. Mistari ya mzee hurejea kwa muda mfupi anaposhika fedha. Ni furaha. Damu inasukuma ngozi. Fedha ikiisha, mistari inalala tena. Na kuhusu marehemu, yeye alifurahi kwa muda mrefu zaidi."

Waziri alikuwa amekaa serikalini miaka mingi, na kwa sekunde moja alionekana kama anayetaka kulikubali jambo hilo. Lakini taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na nchi nzima ilikuwa mezani inakula chakula cha mchana ikimtazama.

Bi Sikudhani hakuwa anamtazama Waziri. Alikuwa anaitazama ile bendeji.

"Na hilo dole, mwanangu, lilipatwa na nini?"

"Mlango, bibi. Mlango wa gari la ofisi, nikiwapelekea ninyi."

"Gari? Si ulikwenda kwa miguu?"

"Nilikuwa nikilipita."

"Pole sana. Umeumia kwa ajili yetu." Akamshika kifundo cha mkono, kwa upole, kama mama. "Lete nikutazame. Miaka arobaini nimefunga vidole vilivyopondwa, na hii bendeji aliyekufunga hajui kazi. Damu haipiti. Litaoza hili."

"Si lazima, bibi."

"Mwache mama akuangalie," akasema Waziri, akitabasamu kwenye kamera, kwa kuwa hatimaye limetokea jambo linaloonyesha upendo.

Bwana Tambwe alivuta mkono. Lakini ule ulikuwa mkono ulioshika mawe yasikimbie tangu yeye hajazaliwa, haukuvutika. Bi Sikudhani akatafuta ncha ya bendeji kwa kucha, akaipata, akaanza kufungua. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Watu wa nyuma wakasimama juu ya viti. Bendeji ilikuwa ndefu, ya serikali, ikawa inashuka na kujikunja juu ya viatu vya Bwana Tambwe. Wa mwisho ukadondoka.

Kucha ilikuwa nzima. Ngozi ilikuwa nzima. Dole lilikuwa la zambarau kuanzia ncha mpaka kwenye kiungo, zambarau ya kuiva, ya mtu aliyetumbukiza mara nyingi.

Bi Sikudhani akalibonyeza taratibu. "Hapa panauma?"

Bwana Tambwe akatazama bendeji iliyolala viatuni.

"Na hapa?"

Bwana Tambwe akainama mpaka sikioni mwake. Jasho lilikuwa limeiharibu pasi yote. "Bibi yangu," akanong'ona, "nisitiri. Nitakulipa leo leo. Miezi yote sita, mkononi, mbele ya hawa hawa."

Bi Sikudhani hakuachia lile dole. Aliliinua juu kidogo lipate mwanga, akageuza uso upande wa kamera, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea nyundo hamsini zikigonga:

"Utanilipa tena, mwanangu? Si umekwisha nilipa mara sita?"